Damu Ni Yetu, Swali Ni la Nani?

Mama kaenda shamba. Hilo ndilo jibu ambalo mtoto hutumwa kumpelekea kijana wa utafiti aliyesimama kivulini mwa mwembe, mkoba begani, baada ya kupiga hodi mara tatu. Jana aliambiwa mama yuko kisimani. Juzi mama mwenyewe alimpokea vizuri, akampa kiti, akasema hakuna shida, njoo kesho. Kijana anaandika daftarini kwamba mwenye nyumba hakupatikana, anapanda pikipiki, anaelekea boma la pili. Jikoni, mama anaendelea kukuna nazi.

Mtu aliyelelewa Kilifi, pwani ya Kenya, anajua maana ya ziara tatu za namna hiyo. Akufukuzaye hakwambii toka. Mwaka 2015 Dorcas Kamuya, mtafiti wa maadili ya sayansi anayefanya kazi hukohuko Kilifi, alichapisha pamoja na wenzake utafiti juu ya kukataa kimyakimya, na methali hiyo wakaifanya sehemu ya kichwa cha makala yao. Walieleza jinsi familia zinavyokubali kwa mdomo na kukataa kwa miguu: zinakosa siku ya miadi, zinaahirisha, au zinaingia katika utafiti lakini ikifika zamu ya kutoa damu mtoto haonekani. Mama hana uhuru wa kuamua peke yake. Baba au mama mkwe hajasema neno. Kijana aliyeleta fomu ni mtoto wa majirani, na kumwambia "sitaki" usoni ni kumvunjia heshima. Naye kijana ana idadi ya watu anaotakiwa kuwaandikisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimeanza na jiko hilo kwa sababu neno ushirikishwaji limejaa siku hizi katika maandiko ya miradi ya afya. Ukifuatilia, mara nyingi unakuta maana yake ni baraza moja kwa chifu, soda na mkate, na hotuba ya kuwaeleza watu jambo lililokwisha kuamuliwa mahali pengine. Mgonjwa anaitwa mwishoni, atie sahihi au kidole gumba. Mimi nasema nafasi yake ni mwanzoni, pale swali la utafiti linapotungwa, na kwamba anapokosekana hapo hata tiba yenyewe inaharibika.

Kilifi inafaa kutazamwa kwa karibu. Mradi wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili sayansi, upo hapo tangu 1989, ndani ya uwanja wa hospitali ya serikali. Kwa mwenyeji wa Tezo, Ngerenya au Roka, hospitali na KEMRI vimekuwa mlango mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa hapo walishiriki jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, na vifo vya watoto vikapungua kwa kiasi cha theluthi moja. Chandarua unachokifunga leo usiku bila hata kukifikiria kimepata sehemu ya ushahidi wake katika nyumba za makuti za Kilifi. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Bagamoyo, pamoja na wenzao wa Burkina Faso na Mali.

Hata hivyo, watafiti walipowauliza wazazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kile walichoelewa kuhusu tafiti ambazo watoto wao walikuwa ndani yake, wengi hawakujua kabisa kwamba ule ulikuwa utafiti. Walidhani ni matibabu. Wamekuja hospitalini, wamepokewa na daktari mpole, mtoto katolewa damu, kapewa dawa, kapona. Ungesemaje huo si uganga wa kawaida wa hospitali?

Sehemu ya tatizo iko katika maneno, na hapa sisi wenye lugha tuna la kusema. Uchunguzi ni kazi ya daktari anayekupima tumbo, ni kazi ya polisi anayemtafuta mwizi, na ni kazi ya mtafiti. Mzazi akiambiwa "tunamfanyia mtoto uchunguzi", atajuaje ni upi? Neno majaribio limekaa jirani na majaribu, yale tunayomwomba Mungu kila siku atuepushe nayo. Vidonge visivyo na dawa ndani yake, anavyopewa mgonjwa mmoja ili alinganishwe na aliyepewa dawa halisi, huitwa "dawa bandia" katika baadhi ya fomu. Sasa fikiria neno hilo likimfikia mtu anayesikia redioni kila mara kwamba dawa bandia zimekamatwa na wauzaji wake wamefikishwa mahakamani. Na ile njia ya kuwagawa wagonjwa katika makundi bila mtu kuchagua, ambayo wataalamu wanaieleza kwa sentensi nne, mzee yeyote wa kijiji angeieleza kwa mbili: tunapiga kura, kama mnavyogawana mafungu ya nyama, daktari hachagui, wala wewe huchagui.

Mzee huyo hatoi sentensi zake akiletewa fomu iliyokwisha kupigwa muhuri. Anazitoa akiitwa wakati inaandikwa.

Kisha kuna damu. Tulikua tukiogopeshwa na mumiani, mtu wa usiku anayewanyonya watu damu ikatengenezewe dawa. Uvumi wa aina hii umezunguka mwambao wote tangu enzi za ukoloni, na kila walipofika watu wenye sindano na chupa umeamka upya. Wasomi wengi waliuita ujinga. Mimi nausikia kama maswali yaliyokosa mtu wa kuyajibu. Damu ya mwanangu inapelekwa wapi? Inakaa huko miaka mingapi? Kuna anayepata fedha kwayo? Mbona mliichukua hamkurudi kuniambia mlichokiona? Haya ni maswali halali kabisa, na kamati ya maadili ya utafiti huyauliza hayohayo kwa lugha ya ofisini. Ukimwambia mtu "mililita tano" hujamwambia kitu. Ukimwonyesha kijiko kimoja cha chai, ameona, na akiona anaweza kuuliza la pili.

Kilifi walijifunza hili, kwa shida. Katika miaka ya 2000 mradi ule ulianzisha mtandao wa wawakilishi wa jamii, zaidi ya watu mia moja waliopendekezwa na wakazi wenyewe: wakulima, wavuvi, akina mama wa vikundi, vijana. Wanakutana na watafiti mara kwa mara, wanasikiliza mpango wa utafiti mpya kabla haujaanza, wanaleta malalamiko ya vijijini. Hawana mamlaka ya kumkubalia mtu mwingine. Ridhaa inabaki kwa kila mzazi. Huo ni mpangilio mzuri, na nimefurahi kuona kwamba udhaifu wake haukufichwa. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu wawakilishi hao ulikiri kwamba wanavutwa pande mbili. Jirani anawaona watu wa KEMRI, na KEMRI inatarajia watetee jina lake. Mwakilishi anayelipwa nauli na mradi atamkosoa mwenye mradi hadi wapi? Nadhani jibu ni kuwapa nguvu zaidi, ikiwa ni pamoja na nguvu ya kusema utafiti huu usianze.

Sasa nisimulie kisa kinachonikosesha usingizi kuliko vyote, maana kinaonyesha kwa nini hatuwezi kusema "basi, utafiti na uachwe".

Kati ya 2009 na 2011 hospitali sita za Afrika Mashariki zilishiriki utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Kilifi ilikuwemo. Muheza, mkoani Tanga, ilikuwemo. Uganda kulikuwa na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Walioandikishwa walikuwa watoto walioletwa hoi kwa homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki inavyopasa. Vitabu vya udaktari vilisema mtoto wa namna hiyo apewe dripu ya kasi, maji mengi kwa muda mfupi. Hospitali tajiri zilifanya hivyo kwa miaka mingi, na wengi waliamini watoto wetu wanakufa kwa kukosa huduma hiyo. Watoto 3,141 waligawanywa: baadhi wakapewa dripu ya kasi, wengine wakapewa maji polepole tu.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Katika kila watoto 100 waliopewa dripu ya kasi, walifariki kati ya 10 na 11 ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, walifariki 7. Tiba iliyokuwa vitabuni ilikuwa inaua. (Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti huu, hao wana taratibu zao, na mzazi asiache kufuata ushauri wa daktari kwa sababu ya mistari hii.) Bila familia zile za Muheza na Mbale na Kilifi, tungekuwa tunaendelea kuwaharakishia watoto kifo kwa nia njema. Na bado miaka kadhaa ilipita kabla mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haujabadilishwa.

Jiweke mahali pa mama wa usiku ule. Umefika saa saba za usiku, mtoto anahema kwa shida, na mtu anakuletea karatasi za kurasa kadhaa. Watafiti wa FEAST walikubaliwa na kamati za maadili kufanya hivi: pale hali ilipokuwa mbaya mno, mzazi aliambiwa kwa maneno machache, akikubali mtoto anahudumiwa, halafu maelezo kamili na sahihi vinafuata hatari ikipungua. Wapo watakaosema hapo haki imevunjwa. Wapo watakaosema kumsomesha mama fomu mtoto akikata roho ndio uonevu. Mimi niko upande wa pili, lakini kwa sharti moja: akina mama wa eneo lile wawe wameulizwa mapema, wakiwa wametulia, watoto wao wazima migongoni, ni njia ipi wangetaka itumike siku wakifika katika hali ile. Profesa hawezi kulijibu hilo kwa niaba yao.

Na daktari aseme wazi kwamba hajui. Nimewahi kusikia hoja kwamba wananchi wakijua daktari hana uhakika watakimbia hospitali. Siamini. Mkulima anayepanda mahindi bila kujua mvua itanyesha lini anaishi na kutojua kila msimu. Kinachomkimbiza mtu ni kugundua baadaye kwamba alifichwa.

Nairobi kuna hadithi ya upande mwingine. Majengo, Pumwani, ni mtaa wa zamani ambako Kiswahili ndicho lugha ya vibaraza na msikiti. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa kwa wanawake wa mtaa huo waliokuwa wakiuza ngono kwa bei ndogo mno. Walipopima VVU, kiasi cha theluthi mbili walikuwa tayari wameambukizwa. Miaka hiyo hapakuwa na dawa. Palikuwa na aibu tu, na magazeti yaliyowaita wanawake hao chanzo cha maradhi.

Aliyegeuza mambo alikuwa muuguzi, Elizabeth Ngugi, baadaye profesa wa afya ya jamii. Aliwaita barazani, akakaa nao, akawaambia matokeo yao wenyewe. Wanawake wakachagua viongozi wao mtaa kwa mtaa. Wakafundishana kutumia kondomu, wakakubaliana kumkatalia mteja asiyetaka, ili asihamie mlango wa pili. Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha ushahidi kwamba elimu hiyo ilifanya kazi. Kliniki ikawatibu wao kwanza. Mabaraza yakaendelea miaka hadi miaka, na ni humo wanawake walipouliza, walipolalamika, walipodai.

Kwa kuwa walirudi mwaka baada ya mwaka, kikaonekana kitu ambacho hakuna maabara ingekiona kwa haraka: baadhi yao, licha ya kukutana na virusi mara nyingi, hawakuambukizwa. Ripoti yake ilitoka katika Lancet mwaka 1996, na wanasayansi wa dunia nzima wakageuza macho Pumwani. Chanjo ya majaribio ya VVU ikatengenezwa kwa kufuata kile kilichojifunzwa katika damu ya wanawake hao. Mwaka 2000 ukazuka mgogoro: wanasayansi wa Nairobi walilalamika kwamba wenzao wa Uingereza wameiombea hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwataja. Ulikuwa mgogoro wa haki na nawaunga mkono Wakenya waliopaza sauti. Lakini hesabu yake ilikuwa ya wanasayansi wao kwa wao. Mwenye damu hakuwa mezani. Chanjo yenyewe haikuleta kinga iliyotarajiwa, ikaachwa, na swali la fungu la wanawake wa Majengo likaachwa nayo.

Mwanza walikwenda mbele hatua moja. Walipokuwa wakitayarisha jaribio la jeli ya kuzuia VVU, watafiti waliwaendea wahudumu wa baa, wauza pombe za kienyeji na mama lishe, wakawaachia wachague wawakilishi wao eneo kwa eneo hadi kamati ya jiji. Mama lishe anajua saa ambayo wenzake hawawezi kufika kliniki, kwa sababu ndiyo saa ya ubwabwa. Desemba 2009 matokeo yalitangazwa: jeli haikuzuia VVU. Habari kama hiyo ni nzito kumpelekea mtu uliyemwita "mlengwa". Aliyekuwa mshauri wako tangu mwanzo anaweza kuipokea, akasikitika pamoja nawe.

Gharama ya kutofanya hivyo tuliiona Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Ebola ilipolipuka huko mwaka 2018, watu wa Beni na Butembo waliona misafara ya magari meupe ikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakati kwa miaka mingi walichinjwa na makundi ya silaha na hakuja mtu. Hakuna aliyewauliza wanataka nini kwanza. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Katikati ya moto huo, wagonjwa 681 walishiriki utafiti uliothibitisha dawa mbili zinazookoa maisha, na mojawapo ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Walionusurika Beni nao wakarudi wodini kuwalea watoto wa wagonjwa, kwa kuwa wao tayari walikuwa na kinga. Katika yote niliyoyasoma kuhusu mlipuko ule, hao ndio niliowaheshimu zaidi.

Turudi kwenye swali, nani analitunga. Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kilifi, Uganda, Kongo na Angola ulionyesha kwamba haidroksiyurea, dawa ya vidonge iliyojulikana miaka mingi, inawapunguzia watoto wa Afrika maumivu, malaria na vifo. Miaka minne baadaye Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Siipingi sayansi hiyo. Ni ya ajabu, na siku moja itufikie. Lakini mama wa mtoto wa selimundu katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya Kilifi akiulizwa leo fedha za utafiti ziende wapi, sidhani ataanzia huko. Atauliza kwa nini kidonge hakipo kwenye zahanati ya kwao. Atauliza namna ya kutuliza maumivu ya usiku wa manane kabla ya gari kupatikana. Atauliza mtoto asome vipi akikosa shule wiki mbili kila muhula. Kila moja ya hayo ni utafiti halali, wa gharama ndogo, unaosubiri mtu wa kuuombea fedha.

Oktoba 2024 madaktari wa dunia, walipolifanyia marekebisho Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti wa tiba, ambalo lilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, waliacha kumwita mtu anayetafitiwa kitu cha kuchunguzwa. Sasa anaitwa mshiriki. Wakaandika pia kwamba jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Kazi iliyobaki ni ya kamati zetu za maadili. Zikatae andiko lolote lisiloonyesha wagonjwa gani walisaidia kutunga swali, na zikatae bajeti isiyo na fungu la kurudisha majibu kijijini.

Nina jambo la nyumbani katika hili. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja ya mwambao, shangazi yangu alitia kidole gumba kwenye fomu akiwa amembeba mjukuu. Alikuwa na swali moja tu, kama mtoto mwingine atakayezaliwa atapata ugonjwa uleule. Aliambiwa majibu yatakuja. Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku hiyo.

Ukiletewa fomu ya utafiti, usimtume mtoto aseme umekwenda shamba. Keti, uliza swali hilo limetoka wapi na majibu utaletewa lini, na kama hutaki sema hutaki. Hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Ukikubali, dai nakala yako. Namba ya simu ya kamati ya maadili inatakiwa iwe imeandikwa humo.